Pikipiki Uani: Injini Iliyogoma na Thredi za Ekseli

Kigali haina barabara tambarare ya kutosha kupumzisha injini. Ukitoka stendi ya Nyabugogo, bondeni, ukaelekea Nyamirambo au Kimihurura, ni kupanda tu, na katika mitaa mingi unapanda juu ya mawe yaliyopangwa, si lami. Septemba 2025, waendesha baiskeli walipokuja Kigali kushindania ubingwa wa dunia wa barabarani, mpando wa mawe wa Kimihurura ulikuwa kwenye mzunguko wao. Pikipiki za mji huu hupita mawe ya namna hiyo kila siku, zikiwa na dereva, abiria na begi lake.

Mtikisiko huo hulegeza nati, na nati ikilegea kuna mtu huja na spana. Hapo ndipo ugonjwa mwingi unapoanza. Thredi za ekseli, yale meno ambayo nati huyafuata ikizunguka, ni nadra kuliwa na barabara. Huliwa na mikono: nati iliyoanzwa kombo, spana iliyoongezewa kipande cha bomba ili kupata nguvu, nyundo iliyoshuka moja kwa moja kwenye ncha ya ekseli. Tundu la plagi kwenye kichwa cha injini huharibika kwa njia hiyo hiyo. Anayetaka kutengeneza pikipiki yake nyumbani ajue kwanza kufungua na kufunga bila kuumiza chuma. Mengine yote yanafuata.

Ujuzi huo una thamani zaidi sasa kuliko miaka michache iliyopita. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ni za umeme, za aina ambayo kampuni ya Ampersand ilianza kuiweka barabarani mwaka 2019. Za petroli zilizokuwapo hazikuondolewa. TVS na Bajaj Boxer bado zinapanda vilima, zinazeeka, na wenyewe wanataka zidumu. Na aliyekwisha kuhamia kwenye umeme asidhani nusu ya pili ya mwongozo huu haimhusu: betri haibadilishi ekseli. Gurudumu lake nalo limeshikwa na chuma chenye nati.

Kabla ya spana

Chagua sehemu ya uani yenye sakafu ngumu, ambapo stendi ya katikati haitazama. Iwe mbali na jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na unaweza kulifikia kaa la moto lililo mita kadhaa kutoka kwenye kabureta. Usiwashe injini ndani ya chumba, hata kwa dakika moja ya kujaribu. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu.

Oili chafu iingie kwenye kidumu chenye kifuniko, isimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro ya Kigali huteremka hadi kwenye mabonde oevu na mto Nyabugogo, huo ukaingia Nyabarongo, Nyabarongo ikaingia Akagera, na Akagera ikamwaga katika Ziwa Viktoria. Mji umehamisha viwanda kutoka bonde oevu la Gikondo na kufungua hifadhi ya Nyandungu mwaka 2022 ili maji hayo yapate kupumua. Kidumu hicho kipeleke kwenye gereji inayokusanya oili iliyotumika.

Vifaa si vingi: spana za ringi kuanzia namba 10 hadi 19, spana ya plagi, fila geji, brashi ya waya, rula ya chuma, tupa ndogo ya pembetatu, mafuta ya taa, na kipande cha mti mgumu. Kama kuna kitu cha kununua kwenye maduka ya vipuri ya Gatsata au mjini, usikipangie Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ni saa za umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka yatakuwa yamefungwa.

Injini: anza na plagi

Injini ndogo ya petroli ikigoma, inakosa kimoja kati ya vitatu: cheche, petroli safi yenye hewa ya kutosha, au kompresheni. Plagi ndiyo ya kufunguliwa kwanza, kwa sababu inatoa habari za vyote vitatu. (Katika maduka ya Kigali iombe kwa jina la buji, utahudumiwa haraka zaidi.)

Subiri injini ipoe kabisa. Kichwa cha silinda ni cha alumini, plagi ni ya chuma, na alumini yenye joto hukubali kuchunwa meno. Pulizia vumbi lililojaa pembeni mwa plagi kabla ya kuifungua, la sivyo litaanguka ndani ya silinda. Ikitoka, itazame ncha yake mwangani. Rangi ya kahawia iliyopauka ni ya injini yenye afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli inafika na cheche ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa nyeupe kama imeungua, hewa imezidi, pengine inaingia kwa njia ya wizi kwenye mpira wa kabureta uliopasuka. Oili ya mnato kwenye ncha ni habari mbaya zaidi, maana ringi za pistoni au mipira ya valvu imechoka.

Kabla ya kuyatolea masizi hukumu, kumbuka urefu wa Kigali juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya mji iko karibu na mita 1,500 au zaidi, na Mlima Kigali unapita 1,800. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa nchi za chini humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Vitabu vya injini za Honda za GX, zile zinazoendesha pampu za maji na jenereta, vinasema wazi: hata kabureta ikirekebishwa, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300. Ukipiga hesabu, injini iliyoko mita 1,500 imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya sita ya nguvu zake bila kuwa na ugonjwa wowote. Watu hufungua silinda na kubadilisha pistoni wakitafuta nguvu ambayo haikuibwa na mtu. Kwanza osha au badilisha chujio la hewa, kwa kuwa ndilo linalozidisha dhiki hiyo: sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa; karatasi ikung'utwe tu, na ikishakuwa nyeusi inunuliwe nyingine.

Sasa cheche. Safisha plagi kwa brashi, pima mwanya kwa fila geji. Kwa injini nyingi za aina hii ni kati ya mm 0.6 na 0.8. Irudishe kwenye kofia yake, gusisha mwili wake kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli, kisha piga kiki. Cheche ya bluu inayolia "ta" inatosha. Ikiwa dhaifu na ya njano, au haipo, jaribu plagi mpya kwanza kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu, halafu kofia, waya na swichi ya kuzimia. Koili iwe ya mwisho.

Plagi ikiwa bado nje, ziba tundu lake kwa kidole gumba na upige kiki. Kompresheni nzuri hukisukuma kidole kwa nguvu. Ikipumua tu taratibu, usikimbilie ringi. Mara nyingi valvu zimekosa mwanya na hazifungi sawasawa. Kwenye pikipiki za cc 100 hadi 125 mwanya huo ni mdogo sana, mara nyingi kati ya mm 0.05 na 0.10, na hupimwa injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, alama ya T ya rota ikiwa mbele ya alama ya kifuniko. Namba kamili imo kwenye kitabu cha pikipiki na haifai kukisiwa.

Petroli ina mtego wake wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Maji huingia kupitia mfuniko wa tangi uliochoka na kukaa chini ya kikombe cha kabureta, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Legeza skrubu ya chini ya kikombe na ukinge kwenye chupa ya kioo: maji yatajitenga chini. Kabureta ikihitaji kufunguliwa, kaza kwanza skrubu ya hewa polepole hadi iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike hesabu hiyo, ndipo uitoe. Jeti ni za shaba, laini. Zizibue kwa upepo au uzi wa nailoni. Sindano ya chuma itapanua tundu, na kuanzia siku hiyo pikipiki itakunywa petroli bila kipimo.

Kurudisha plagi ndipo kichwa cha injini huokolewa au huharibiwa. Chukua kipande cha mpira mwembamba, kama ule wa petroli, uchomeke kichwani mwa plagi na uuzungushe kwa vidole. Mpira hauna nguvu ya kuvunja meno ya alumini. Plagi ikianza kombo, mpira utateleza tu. Ikishaingia mizunguko mitatu minne bila ubishi, ndipo spana iguse. Plagi mpya yenye washa huongezwa nusu mzunguko baada ya kugusa, iliyotumika robo au pungufu. Tundu likiwa limeshachunwa, kuna dawa: fundi hulipanua kwa tapu, chombo cha kuchonga thredi za ndani, na kuingiza koili ya chuma aina ya Helicoil, yenye thredi mpya ndani. Chembe za alumini zisipoondolewa zote zitaikwangua silinda, kwa hiyo kichwa kifunguliwe kwanza.

Ekseli: pima kabla ya kukata

Ekseli yenye thredi mbovu inahitaji uamuzi kabla ya chombo chochote. Ing'oe, isugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa hadi meno yaonekane, kisha uyasome kuanzia ncha kwenda ndani.

Nati ikikazwa, meno machache ya upande wa washa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kwa hiyo mahali palipoharibika pana uzito kuliko idadi ya meno. Ncha iliyopondwa na nyundo, meno mawili matatu ya mwanzo yakiwa yamelala, ni jambo la kutengeneza nyumbani jioni moja. Lakini meno yakiwa yamechunwa ndani, pale nati inapokaa ikishakazwa, ekseli hiyo imekwisha kazi. Vivyo hivyo ikiwa shingo imekuwa nyembamba mahali pamoja, au nafasi kati ya jino na jino imetanuka; chuma kimevutwa kupita uwezo wake. Iviringishe pia juu ya kioo au kigae tambarare. Ikidunda au kuonyesha mwanga chini yake, imepinda, na ekseli iliyopinda hainyooshwi.

Kisha kipimo. Thredi hutambulishwa kwa namba mbili: unene wa ekseli, na pichi, yaani umbali kutoka jino hadi jino. Ekseli nyingi za mbele za pikipiki ndogo ni za mm 12 zenye pichi ya 1.25, na za nyuma mara nyingi ni nene zaidi, zenye pichi ya 1.5. Nati ya mm 12 yenye pichi ya 1.5 inafanana kabisa na ya 1.25 machoni. Tena inaingia mizunguko miwili mitatu kwa vidole kabla ya kugoma, na fundi mwenye haraka huchukua kule kugoma kuwa ni kutu, akaongeza nguvu. Hiyo ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kuua ekseli nzima iliyokuwa mpya. Kupima ni kazi ya rula: laza rula juu ya meno na upime nafasi 10. Ukipata mm 12.5, pichi ni 1.25, ukipata 15, ni 1.5. Unene ukipimwa kwenye vilele vya meno hutoka pungufu kidogo ya jina lake, kwa mfano 11.8 kwa ekseli ya 12. Ni sawa.

Vipimo hivi vina historia ndefu. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza thredi za aina moja kwa karakana zote za nchi yake, zenye pembe ya nyuzi 55. Za kipimo cha mita, zilizo kwenye pikipiki zote za Kigali, zina pembe ya 60. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayofanya nati kutoka kwenye injini kuukuu ya Kiingereza ya kusagia unga isifae kwenye pikipiki hata unene ukikaribiana. Na pembe hiyo ya 60 ina faida kwa mtu wa nyumbani: tupa ndogo ya pembetatu nayo ina kona za nyuzi 60, hivyo kona yake hukaa sawasawa ndani ya bonde la thredi.

Basi anza na tupa. Ishike ekseli kwenye jiriwa, ukiikingia kwa mbao mbili. Weka kona ya tupa kwenye bonde lililo zima, ulifuate hadi kwenye jino lililolala, na upige taratibu kuelekea mbele, ukizungusha ekseli kidogo kidogo. Nia ni kuinua na kusafisha kile kilichopondeka. Usichimbe bonde jipya. Ncha ya mwisho kabisa ilainishwe kwa mwinuko mdogo ili nati ipate pa kuanzia.

Hatua inayofuata kwa kawaida hufanywa kwa dai, chombo cha kuchonga thredi za nje, ya kipimo hicho hicho. Tatizo la dai ni kwamba huanzia nchani, palipoharibika, na ikianza kombo itakata thredi ya pili juu ya ya kwanza. Mafundi wa zamani wana njia ya kuizunguka shida hiyo. Tafuta nati nzuri ya chuma yenye kipimo kile kile, ikate kwa msumeno katikati upate vipande viwili, na usafishe kingo. Vikumbatishe vipande hivyo kwenye meno mazima, ndani, nyuma ya palipoumia. Vibane kwa koleo la kujifunga, kiasi tu cha kushika meno, tia oili, kisha zungusha kuja nje. Nati inakuja kutoka kwenye uzima kwenda kwenye uharibifu, ikiongozwa na meno yaliyo sahihi, na inayanyoosha yaliyolala njiani. Ikigoma, rudi nyuma robo mzunguko, futa vumbi la chuma, ongeza oili, endelea. Rudia ukibana zaidi kidogo kila mara.

Kazi imekamilika nati mpya inapoingia kwa vidole kutoka ncha hadi mahali pake bila kukwama na bila kutikisika kushoto kulia. Nati iwe mpya kweli. Ile ya zamani ilikuwepo wakati wa ajali, na meno yake yameshapata sura ya ule uharibifu.

Kuna wanaojaza chuma kwa kuchomelea, kisha wakachonga thredi upya. Kwa kitasa cha geti, sawa. Kwa ekseli, hapana. Moto hubadilisha ugumu wa chuma na huacha ufa usioonekana karibu na mahali palipochomelewa, na ufa huo hukua kwa kila jiwe la mpando. Wala usijazie washa tatu nne ili kuifikisha nati kwenye meno mazima ya nje. Ekseli mpya ya Boxer au TVS inapatikana Gatsata na ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na kinachoshikwa nayo. Nenda na ile ya zamani, pamoja na nati yake. Linganisha urefu, unene na pichi, na ujaribu nati palepale dukani kwa vidole.

Kufunga

Paka grisi nyembamba kwenye mwili wa ekseli, ule unaopita ndani ya beringi na bushi, ili siku ya kuitoa isihitaji nyundo. Thredi ziachwe safi na kavu, isipokuwa kitabu kimeagiza vingine. Mafuta kwenye meno hufanya mkono ule ule ukaze kupita kiasi. Pitisha ekseli, anza nati kwa vidole, linganisha alama za cheni pande zote mbili, na uache cheni icheze kadiri ya kitabu, kwa pikipiki nyingi ndogo mm 20 hadi 30 juu chini.

Kwa kukaza, wasio na spana ya kipimo wanaweza kutumia mizani ya ndoano ya kupimia mizigo. Funga ndoano kwenye mpini wa spana, sentimita 25 kutoka katikati ya nati, na uvute juu ukiwa umeufanya mpini ulale sambamba na ardhi. Mizani ikisoma kilo 20, nati imepata takriban nyutoni-mita 49. Hesabu yake ni kilo mara 9.8 mara urefu kwa mita. Tafuta namba ya pikipiki yako kitabuni na upange kilo zako kwa namba hiyo. Ekseli ikiwa na tundu la kotapini, weka kotapini mpya na ukunje miguu yake yote miwili. Tundu likikataa kulingana na nati, kaza kidogo mbele hadi lilingane, usilegeze.

Siku ya kufungua tena, nati ikiwa imeshikwa na kutu, itie mafuta ya kupenya na uiache usiku kucha. Jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua. Mara nyingi kutu huachia hivyo. Ikikataa kabisa, ikate nati uiokoe ekseli. Na ekseli ikihitaji kugongwa, rudisha nati hadi iwe sawa na ncha, weka kile kipande cha mti mgumu juu yake, ndipo nyundo ishuke juu ya mti.

Zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza beringi, kanyaga breki mara kadhaa. Kisha panda na kushuka mtaa mmoja wa mawe bila abiria, urudi uani, na uipime nati tena kwa mizani ile ile. Ipime mara nyingine baada ya siku ya kwanza ya kazi.